Mafuta ya klachi ya Impreza: ninavyoyabadilisha nyumbani Likoni

Klachi iliniacha kwenye mteremko wa feri ya Likoni, Ijumaa mchana, mlango wa feri umeshashushwa na magari ya nyuma yanapiga honi. Nilikanyaga pedali ikaenda hadi chini na haikurudi. Niliipandisha kwa ncha ya kiatu, nikaipiga mara tatu nne haraka haraka hadi ikapata nguvu kidogo, nikaingiza gia ya kwanza huku giaboksi ikisaga, nikapanda feri mikono inatetemeka.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka iliamua, kabla ya kufungua chochote, kwamba klachi pleti imekwisha na giaboksi ishushwe. Nikamwuliza fundi kama ameangalia mafuta ya klachi. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akasema kimejaa. Nikamwonyesha kile kidogo cha klachi kilicho pembeni. Kilichokuwamo kilikuwa cheusi kama kahawa tungu. Nikafunga boneti, nikarudi na gari nyumbani, na jioni ile nikampigia simu kaka yangu Muscat, maana gari ni lake. Aliniachia alipokwenda Oman kikazi. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Dada, hayo mafuta sikumbuki kuyabadilisha tangu niinunue. Anza hapo." Nilianzia hapo. Klachi pleti iliyohukumiwa siku ile ndiyo iliyomo ndani mpaka leo.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2005, injini ya EJ20 yenye turbo, giaboksi ya kawaida ya gia 5. Kaka alianza kuota kumiliki Impreza mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally akiendesha moja, na nadhani nusu ya Waimpreza wa Kenya watakwambia habari kama hiyo. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya kwenye gari hili. Kama lako ni Impreza ya zamani isiyo na turbo, tazama kwanza kama klachi yake inavutwa kwa waya. Baadhi yake ndivyo zilivyo, na hizo hazina mafuta ya kubadilisha. Kama ni gari jingine la spoti, mfumo ni uleule ila mahali pa kuufikia panatofautiana.

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo kinachotendeka. Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndogo ndani ya masta ya juu, iliyofungwa kwenye ukuta kati ya injini na miguu yako. Mafuta yanapita kwenye bomba hadi masta ya chini iliyokaa juu ya giaboksi, nayo inasukuma uma unaoachanisha klachi na injini. Kazi yote inafanyika kwa sababu mafuta hayakubali kubanwa. Hewa inakubali. Tone moja la hewa likiingia, sehemu ya safari ya mguu wako inaishia kulibana lile tone, na uma hausogei vya kutosha. Ndiyo maana gia ya kwanza na rivasi zinakuwa ngumu kuingia: klachi haijaachia kabisa.

Haya mafuta, ambayo ni yaleyale ya breki, yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Sisi wa Pwani tunaijua hewa yetu. Chumvi ikikaa mezani usiku mmoja inashikana. Maji hayo yanashusha joto ambalo mafuta yanaanza kuchemka. Aina iitwayo DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinashuka hadi 155. Aina ya DOT 3 ni 205, kisha 140. Na sasa tazama chini ya boneti ya Impreza yetu ya usukani wa kulia: turbo iko nyuma ya injini, upande wa kulia, na masta ya juu iko upande huohuo. Joto la turbo linaipata masta moja kwa moja. Ongeza foleni ya feri, nusu saa ya kukanyaga na kuachia, gari halitembei na upepo haupiti. Yakichemka, mvuke unafanya kilekile hewa inachofanya. Siku yangu ya mteremkoni ilikuwa hiyo.

Kitabu cha gari kina ratiba yake, uifuate. Mimi, kwa kukaa baharini na kuvuka kila siku ya kazi, nabadilisha kila mwaka, mwezi Aprili shule zikifungwa, kwa sababu nahitaji mtu wa kukanyaga pedali na mpwa wangu anakuwa nyumbani.

Kabla hujanunua chochote, tafuta uvujaji. Inama chini ya dashibodi, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Pakiwa na unyevu unaoteleza, mpira wa ndani wa masta ya juu umechoka. Masta ya chini nayo ina kofia ya mpira. Ukiifikia, ifunue kidogo, na yakitiririka mafuta, jibu umelipata. Mafuta mapya hayaponyi mpira uliokatika. Nunua masta au mipira yake, kisha urudi kwenye kazi hii, kwa sababu utalazimika kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mfumo, vilevile.

Vitu ninavyoandaa: chupa ya nusu lita ya DOT 4 ambayo lakiri yake haijafunguliwa, spana ya ringi ya 10, soketi ya 12 na mkono mrefu wa kuiungia, bisibisi ya nyota, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama nusu mita, unaobana vizuri kwenye nipeli (kiskrubu cha kutolea mafuta kwenye masta ya chini), bomba la sindano kubwa kutoka duka la dawa, bila sindano yake, matambara safi, ndoo ya maji, miwani na glavu. Mfumo wenyewe unabeba mafuta kidogo sana, kama kikombe cha kahawa cha barazani, ila nusu lita inaniwezesha kusukuma mafuta mapya hadi bomba lote lisafike. Nikitumia chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita nitakuwa nimeingiza maji yaleyale ninayoyatoa, kwa hiyo kinachobaki sikiweki.

Kuhusu aina ya mafuta naomba unisikilize. Soma kifuniko cha kikopo chako. Kikisema DOT 3 au DOT 4, DOT 4 inafaa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi, iache dukani hata kama namba yake ni kubwa zaidi. Na kamwe usiongeze mafuta ya usukani, wala ya injini, wala ya giaboksi. Jirani yangu mmoja alijaziwa mafuta ya usukani kwenye gereji fulani kwa sababu chupa ilikuwa karibu. Mipira ilivimba, pedali ikagoma kurudi, na akabadilisha masta zote mbili.

Sasa kazi. Naianza asubuhi, gari limelala usiku kucha, kwa sababu mikono itaingia karibu na turbo. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono juu, na kabari za mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee gia kulizuia: kila mwenzako akikanyaga klachi, gia haishiki kitu. Natandika leso kuukuu juu ya mabawa ya mbele, nimeilowesha kidogo, maana mafuta haya yanakula rangi. Yakidondoka, mwaga maji papo hapo. Usisugue kwa kitambaa kikavu, unayasambaza.

Kwenye WRX, kinachoziba njia ni intakula, lile sanduku la alumini linalokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Masta ya chini iko chini yake kwa nyuma. Najua mafundi wanaopenyeza mkono bila kuitoa. Mimi naitoa, dakika 20 basi, na naona ninachofanya. Nalegeza klipu ya upande wa turbo na klipu ya upande wa koo la injini, pale hewa inapoingilia, nafungua boliti mbili za 12 za vali ya baipasi, ile inayopunguza shinikizo la hewa ya turbo, na kuiweka kando, nachomoa mipira midogo iliyounganishwa, kisha boliti mbili za 12 zinazoikamata intakula yenyewe. Itikise kwa upole huku unainyanyua. Mipira ya miaka mingi imeganda. Usiivute kwa hasira, ikipasuka utasikia turbo inapiga mluzi na gari halina nguvu.

Mara intakula inapotoka, una midomo iliyo wazi: mmoja unakwenda kwenye injini, mwingine unatoka kwenye turbo. Nati ikidondoka humo, umeua injini ya kaka yako. Naziba kila mdomo kwa kitambaa kikubwa, chenye rangi kali, kinachoning'inia nje, na naandika kwa chaki kwenye sakafu idadi ya vitambaa nilivyoziba. Wakati wa kufunga nahesabu tena. Tabia hii niliichukua kwa mama yetu, aliyekuwa muuguzi na kuhesabu hivyohivyo pamba za chumba cha upasuaji.

Kisha kikopo cha klachi. Pangusa kwanza nje ya kifuniko, mchanga usiingie. Fungua, nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, futa matope ya chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, jaza mapya hadi mstari wa juu. Watu wengi wanaishia hapa, wanaona rangi nzuri na kufurahi. Lakini mafuta yaliyochoka kuliko yote yako chini, kwenye masta iliyokaa juu ya giaboksi, na hayo hayapandi yenyewe.

Shuka hadi masta ya chini, utafute nipeli, kile kiskrubu chenye tundu katikati na kofia ndogo ya mpira. Toa kofia, safisha. Vika spana ya ringi kwanza, kisha ndipo uchomeke mpira. Ukianza na mpira, spana haitaingia. Jaribu kuilegeza kidogo tu. Ikikataa, nyunyiza mafuta ya kutu, nenda kanywe chai, rudi. Nipeli ni nyembamba na ina uwazi ndani, ikikatika imekuletea kazi ya siku mbili. Mpira uupandishe kwanza juu kuliko nipeli ndipo uushushe kwenye chupa, na mwisho wake uzame ndani ya mafuta mapya kidogo uliyoyaweka humo. Kwa njia hiyo mapovu yanapanda na kuondoka, na hata ukichelewa kufunga, kinachorudi ni mafuta. Chupa isiwe ya soda wala ya maji ya kunywa. Haya mafuta ni sumu, na mtoto haoni tofauti.

Mpwa wangu anakaa kwenye usukani, injini imezimwa. Tumekubaliana maneno machache na hatutumii mengine.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, shangazi."

"Shikilia." Hapo nafungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yanaruka kwenye mpira, pedali inazama. Nafunga.

"Achia." Na hapa kuna jambo linalotisha watu mara ya kwanza: pedali haipandi. Inabaki imelala chini. Haijaharibika, haina tu mafuta ya kuisukuma. Mpwa wangu anainyanyua kwa mkono, polepole, hadi juu, anangoja kama sekunde tatu masta ijaze, kisha ananijibu, "Juu." Polepole ndiyo siri. Ukiinyanyua kwa pupa unaweza kuvuta hewa kupitia kwenye mipira, na ukipiga pedali kama pampu ya baiskeli unalivunja tone moja la hewa kuwa mapovu mia ambayo hayaonekani.

Kosa kubwa kuliko yote ni pedali kupanda nipeli ikiwa wazi. Inavuta hewa ndani na unarudi mwanzo. Kwa hiyo mwenye spana ndiye anayeamuru, na mwenye pedali haachii mpaka aambiwe. Kosa la pili ni kusahau kikopo. Ni kidogo mno. Kikikauka, masta ya juu inameza hewa. Kila baada ya mara tano tunasimama, naongeza, naweka kifuniko juu bila kukikaza. Mara ya kwanza kabisa nilisahau, tukarudia saa nzima, na mguu wa kijana ukafa ganzi.

Utayaona mafuta yanabadilika ndani ya mpira: kwanza meusi, kisha ya hudhurungi kama maji ya ukwaju, halafu manjano hafifu. Weusi ule ni unga wa mipira na uchafu wa miaka. Usisimame yanapoanza kung'aa. Endelea mara tano sita zaidi. Mimi huwa nafikia mara 20 hivi.

Ikiwa pedali bado ni laini, inashika karibu na sakafu, hewa imejificha. Inapenda kukaa pale bomba linapopanda na kujikunja, na kwenye masta ya juu. Kwa umri wangu na mgongo wangu, njia ninayoiamini ni kuisukuma kule inakotaka kwenda yenyewe, yaani juu. Nyonya nusu ya kikopo ili kisifurike. Jaza bomba la sindano mafuta mapya, toa hewa yote iliyomo, liunganishe na mpira kwenye nipeli, fungua nipeli, sukuma taratibu. Mwenzako atazame kikopo: mapovu yatatoka kama samaki anayepumua. Funga nipeli kabla bomba halijaisha. Nimeitumia mara mbili na zote mbili ilimaliza ubishi.

Njia nyingine ni kufungua boliti za masta ya chini, kuishika mkononi bomba likiwa limeungwa, na kuibonyeza pistoni ndani polepole kwa kidole gumba ili hewa irudi juu kwenye kikopo. Inafanya kazi. Ila mtu yeyote akigusa pedali wakati huo, pistoni itachomoka na mafuta yatakurukia. Ukiichagua, mtoe mwenzako kabisa kwenye gari.

Ukiridhika, kaza nipeli kwa spana fupi, kwa nguvu ya vidole na kiganja, usitumie bega. Rudisha kofia yake. Osha masta na giaboksi kwa maji kidogo, kausha vizuri. Jaza kikopo hadi kwenye mstari, usipitishe, futa ule mpira wa ndani ya kifuniko na ufunge. Kisha mpwa akanyage mara 50 kwa mwendo wa kawaida huku wewe umebana kipande cha karatasi ya tishu chini ya nipeli. Karatasi ikibaki kavu, endelea.

Toa vitambaa midomoni, hesabu na chaki. Rudisha intakula, hakikisha mipira miwili mikubwa imeingia hadi mwisho kabla ya kukaza klipu. Upande wa turbo ndio unaodanganya: kwa juu unaonekana umekaa kumbe kwa chini umejikunja. Pitisha kidole kuuzunguka wote.

Washa injini, iache inguruma kwa utulivu, gia huru. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde tatu, ingiza rivasi. Rivasi ndiyo shahidi wangu, kwa sababu inasaga waziwazi pale klachi isipoachia. Ikiingia kimya, achia polepole uone pedali inaanza kushika wapi. Yetu ilikuwa inashika kidole kimoja juu ya kapeti. Sasa inashika karibu katikati. Kisha nazunguka mtaani, napanda kilima kidogo, nasimama na kuondoka mara kumi, narudi kutazama kikopo kabla ya kukubali kushuka nalo ferini.

Mafuta ya zamani usiyamwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia baharini. Wala usiyachanganye na oili chafu ya injini ambayo watu huja kuinunua. Nayaweka peke yake kwenye galoni lenye kifuniko cha kukaza, nimeandika SUMU, juu ya rafu ya stoo, na nayapeleka kwa fundi wa breki anayeyakusanya.

Mwisho nakata kipande cha selotepu nyeupe, naandika tarehe, kilomita na "DOT 4", naibandika ubavuni mwa kile kikopo kidogo, upande ambao fundi yeyote akifungua boneti atauona kabla hajasema giaboksi ishushwe. Kaka ananidai picha yake kila Aprili.